Barabara Iliyochorwa Juu ya Korongo

Bosi aliniambia amenichagua kwa sababu ya miguu yangu.

"Kuna watu wana vyeti kukushinda," alisema siku aliyoniita ofisini kwake, Nakuru mjini, "lakini ukiwaambia watembee wanauliza gari liko wapi. Wewe ni msichana wa Njoro. Umezoea tope."

Nilicheka. Nilidhani amenisifu. Leo nikiyakumbuka yale maneno naona alikuwa akinieleza wazi alichokuwa akitafuta: mtu wa kutembea, si mtu wa kusema.

Kazi ilikuwa kukagua ramani. Haikuwa ramani ya serikali. Ilikuwa ile ya bure iliyo mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua akiwa popote duniani, akatazama picha iliyopigwa na setilaiti, akachora paa analoliona, njia, mto, kisha akaendelea na shughuli zake. Halipwi mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mmoja wao nikiwa mwanafunzi Njoro. Jumamosi nzima tulijifungia kwenye chumba cha kompyuta tukichora mashamba ya ngano na njia za ng'ombe, tukanywa soda, tukaondoka tukijiona tumeijenga nchi. Kwa hiyo sikuingia kazini nikiwa adui wa ramani hiyo. Niliipenda.

Shirika la bosi lilitaka kuitumia Karagita, ule mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua karibu na Ziwa Naivasha. Mpango ulikuwa wahesabu nyumba kwenye ramani, wajue ni wahudumu wangapi wa afya wa kupeleka kila upande, na wajue pia gari la wagonjwa lipitie wapi. Wachoraji wa kujitolea walikuwa wameshaichora Karagita yote kwa wikendi chache, wengi wao wakiwa ng'ambo. Mfadhili akasema hatoi idhini mpaka mtu aende kuthibitisha kwamba kilichochorwa ndicho kilichopo. Mtu huyo nikawa mimi.

Niliukata mtaa kuwa visanduku kwenye ramani, nikachagua ishirini kwa kupiga kura, ili nisije nikajipendelea kwa kuchagua vile vya karibu na lami. Katika kila kisanduku nilikuwa na maswali manne ya kujibu. Ni nini kipo chini, kwenye ardhi yenyewe, na hakipo kwenye ramani? Ni nini kipo kwenye ramani na hakipo chini? Ni nini kipo kote kuwili lakini kimewekwa mahali pasipo pake? Na ni nini kimepewa jina lisilo lake? Hiyo ndiyo kazi yote. Mtu wa darasa la sita angeielewa. Ugumu wake ni kwamba lazima uende.

Nilitembezwa na mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mhudumu wa afya wa kujitolea. Alikuwa amekata maua miaka mingi mpaka mikono ikakataa, vidole vikawa havikunjiki asubuhi, akaachishwa kazi. Sasa alikuwa anazunguka mtaani na kofia yake ya sufu na daftari la kurasa zilizokunjamana, akijua nani ana mimba, nani ameacha dawa, mtoto wa nani hajachanjwa. Wenyewe walimwita mathe wa kliniki. Mimi nilimwita mama.

Kisanduku cha kwanza, simu yangu ilionyesha nyumba moja ndefu. Niliinua macho nikaona lango la mabati, na ndani yake ua mwembamba, kamba za nguo, na milango inayotazamana, sita huku na sita kule.

"Mama, hii ni nyumba moja?"

"Hii ni ploti," akanijibu, kama anayemwelimisha mgeni. "Milango kumi na mbili. Hapa wako wanne. Hapa wako watano na cucu, nyanya yao. Hapa ni wasichana watatu wa packhouse, wanapanga maua kwa maboksi. Hapa..." Alihesabu hadi mwisho wa ua bila kufungua daftari.

Kwenye ramani hao wote walikuwa paa moja, na kwenye hesabu za ofisi paa moja lilikuwa familia moja.

Tukavuka njia. Upande wa ziwa ramani ilikuwa na nyumba tano kubwa kubwa, zimeandikwa kuwa ni makazi. Mama alizitazama kwenye simu, akatazama mbele yetu, akaanza kucheka mpaka akashika seng'enge ya watu. Zilikuwa grinihausi. Plastiki nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndani yake waridi.

"Kwa hivyo maua yamepata mtu wa kuyaangalia afya," akasema huku akipangusa macho, "na huyu cucu wa mlango wa pili hana."

Nikacheka pia. Siku ya kwanza na ya pili tulicheka sana. Tulikuta shule iliyoandikwa kanisa na kanisa lililoandikwa baa. Tulikuta choo cha watu wote cha milango sita kimechorwa kama kibanda cha kuku. Tulikuta pia mambo mengi yaliyochorwa vizuri, kwa mkono wa mtu aliyejali, kila kona mahali pake, nami niliyaandika hayo pia. Nilitaka kuwa mkweli pande zote.

Siku ya tatu tulipanda juu, upande unaotazama Mlima Longonot, hadi kisanduku cha tisa. Ramani ilionyesha mstari mweupe, umenyooka, ukitoka kwenye ploti za juu kabisa na kushuka hadi karibu na zahanati. Ulikuwa umeandikwa barabara ya magari. Tuliufuata. Tulipita nyuma ya ploti ya mwisho, tukapita shamba dogo la mahindi, kisha mama akanivuta mkono wa sweta.

Mbele ya miguu yangu ardhi ilikuwa imekwisha.

Lilikuwa korongo. Udongo wa huko ni mwepesi kama majivu, mvua ikiupata unafunguka kama mkate. Kuta zake zilikuwa wima, kina chake kingemeza watu wawili wakisimama mmoja begani mwa mwenzake. Chini kulikuwa na godoro lililooza, magunia, na mbuzi mmoja ambaye sijui alishukaje. Na halikuwa la jana. Kwenye kuta mizizi ilikuwa imening'inia na kukomaa, na juu ukingoni watu walikuwa wamekanyaga vijia vyao vya kulizunguka. Ukilitazama kutoka angani, naam, ni mstari mweupe ulionyooka. Nilielewa mara moja jinsi jicho lilivyodanganyika.

Mama hakucheka. Aliichukua simu yangu, akaitazama.

"Hapa inasema gari inapita?"

"Inasema inapita."

Akanirudishia simu. Kisha akasema, "Kuja nikuonyeshe mtu."

Tulirudi kwenye ploti za juu, mlango wa tatu. Alikuwepo msichana wa kama miaka ishirini na nne, mwenye siku yake ya mapumziko, amekaa kwenye kigoda akimenya viazi. Mama alimsalimia kwa jina, akaulizia kazi, kisha akasema, "Huyu ni mtu wa ramani."

Msichana aliinua macho. "Ramani ya simu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ile inaongoza magari?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea kumenya, na huku akimenya akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi bila kupata wa kumsikia.

Uchungu wa kuzaa ulimshika saa sita mchana, msimu wa mvua uliopita. Mumewe akapiga simu steji, ikatumwa teksi kutoka Naivasha mjini. Dereva hakuijua Karagita ya juu, kwa hiyo akaiuliza simu yake, nayo ikampa njia fupi ya kwenda zahanati. Mumewe alimwambia azungukie kanisani. Yeye mwenyewe alimwambia, huku ameuma kanga.

"Akasema nitulie. Akasema, 'Simu inaona mbali kuliko wewe, madam.'"

Mvua ilikuwa inanyesha, kioo cha mbele hakionyeshi kitu. Waliokolewa na breki tu. Gurudumu moja la mbele lilibaki linaning'inia juu ya korongo. Majirani walikuja, wakashika gari kwa nyuma wakati wakimtoa, kisha wanawake wanne wakambeba kwenye blanketi wakifuata ukingo hadi chini kabisa, kwenye daraja la mbao ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote, wakavuka, wakapanda tena.

"Walipofika walikuwa wamechoka kunishinda," akasema. Aliweka kiazi ndani ya maji. "Mtoto alikuwa msichana. Hakulia."

Nilisimama pale na simu yangu mkononi kama mjinga. Mama alikuwa ametazama pembeni. Alikuwa mmoja wa wale wanne.

"Nani aliichora hiyo barabara?" msichana akaniuliza.

"Sijui."

"Lakini ni mtu."

"Ndiyo. Ni mtu."

"Na hakukuja kuona?"

"Hakuja."

Akachukua kiazi kingine. "Mngekuja tu kuona," akasema. "Hapa si mbali."

Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirikia wanaume, nimekasirikia polisi, nimemkasirikia mama yangu mzazi. Lakini hasira iliyonishika nikishuka kutoka ule mlango ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuwa na kazi ya kufanya. Nilitaka kumjua aliyechora.

Katika ramani ile kila mstari una historia yake. Ukiugusa utaona jina alilojiandikia mchoraji na siku aliyochora. Nilikaa kwenye ngazi za duka nikingoja mvua iishe, nikampata, nikamwandikia papo hapo. Nilimwandikia vibaya. Nilimwambia kwamba barabara yake ni shimo, kwamba kuna mtu amezika mtoto, na kwamba asiyejua mahali aache kupachora. Nikatuma kabla sijapoa.

Alijibu asubuhi. Alikuwa mwalimu mstaafu, katika nchi moja ya baridi. Hakujitetea. Aliandika kwamba anasikitika kiasi asichoweza kukisema, akaniuliza hali ya mama yake mtoto. Halafu akasema jambo ambalo nililisoma mara tatu. Alikuwa amefuata maelekezo ya wale waliowaita kuchora: kila mstari mweupe ulionyooka kati ya nyumba uchorwe kama barabara. Lakini huo mmoja ulimtia shaka, kwa hiyo aliuwekea alama kwenye ramani, na kando yake akaandika kwamba hana uhakika, tafadhali mtu aliye karibu aende akaangalie kabla watu hawajautumia.

Nilienda kuitafuta ile alama. Ilikuwepo. Maneno yake yalikuwepo, neno kwa neno. Chini yake palikuwa na jibu fupi: imekaguliwa, ni sawa. Alama ikafungwa. Na aliyeifunga alikuwa akitumia akaunti ya ofisi yetu, Nakuru, ghorofa ya tatu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwenye lile korongo.

Mzee wa watu, ng'ambo ya dunia, asiyelipwa hata senti, alikuwa ameona shaka na akaisema. Sisi tunaolipwa, tulio karibu, tukaizika. Nilimwandikia tena kumwomba radhi. Yeye tayari alikuwa ameshaufuta mstari, amechora korongo, na sasa alitaka nimwelekeze daraja la mbao liko wapi hasa. Ilimchukua dakika chache.

Nikamaliza visanduku vyote ishirini. Nikaandika ripoti yangu bila chumvi na bila sukari. Niliandika kwamba mistari ya paa imechorwa vizuri lakini ofisi isihesabu paa kama familia. Niliandika habari za grinihausi. Kisanduku cha tisa nilikipa ukurasa wake. Mwishoni nikaandika kwamba ramani hii, kama ilivyo, haifai kutumika kuelekeza gari la wagonjwa.

Bosi aliniita. Ni mtu mpole, bosi huyo. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na nadhani hiyo ndiyo silaha yake. Alinikaribisha chai.

"Umeandika 'haifai,'" akasema. "Neno zito. Ulilinganisha ramani na nini?"

"Na Karagita."

"Hapo ndipo tatizo. Ukaguzi unahitaji chanzo rasmi. Ulipaswa kuilinganisha na picha ya setilaiti."

"Bosi, ramani imechorwa kutoka kwa hiyo picha. Nikiilinganisha nayo lazima zifanane. Hiyo ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani kwa karatasi aliyoibia majibu."

Akatabasamu. "Uko na uchungu, naelewa. Ile habari ya mtoto inasikitisha. Lakini huwezi kuthibitisha alikufa kwa sababu ya ramani."

Alikuwa anasema kweli, na hilo liliniumiza zaidi. Sikuweza. Huenda mtoto yule asingelia hata kama wangefika mapema. Daktari mwenyewe hangeweza kuapa. Lakini tangu lini tukaanza kungoja uthibitisho wa kifo ili tukubali kwamba shimo ni shimo?

Nilimwekea mezani karatasi niliyokuwa nimechapisha, ile alama ya mwalimu na jibu chini yake. "Nani alifunga hii?"

Aliisoma. "Zilikuwa nyingi," akasema. "Tulizifunga zote pamoja, tumalize."

Zote pamoja. Alilisema kama mtu anayeeleza jinsi alivyofagia ua. Nilimwuliza kama kuna aliyeenda kutazama hata moja. Akaniambia ninywe chai, inapoa. Nikaiacha pale pale.

Wiki mbili baadaye alitualika sote chakula cha mchana Kikopey. Ripoti imepita, akasema, twende tukale nyama. Nilienda kwa sababu nilifikiri iliyopita ni ripoti yangu. Nilikuwa bado na ujinga wa aina hiyo.

Pale Kikopey moshi ulikuwa umetanda hadi barabarani, vijana wa buchari wakivutia magari kwa mashati meupe yenye madoa. Tulikaa meza ndefu. Mwakilishi wa mfadhili alikuwepo, mwanamke mtulivu ambaye nilikuwa sijawahi kukutana naye. Kabla nyama haijafika bosi aligawa ripoti zilizofungwa vizuri, zenye jalada la picha ya ziwa. Jina langu lilikuwa kwenye jalada: mkaguzi mkuu.

Nilifungua. Visanduku vyangu ishirini vilikuwa kumi na moja. Tisa vingine, iliandikwa, havikufikika kutokana na hali mbaya ya njia. Nilisoma sentensi hiyo, nikairudia. Visanduku nilivyotembea kwa miguu yangu! Ile miguu niliyochaguliwa kwa ajili yake! Vilivyobaki vyote vilikuwa vya karibu na lami. Na ukurasa wa mwisho ulisema ramani inafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa.

Nyama ilifika wakati huo huo. Kijana aliuweka ubao katikati ya meza, akaanza kukata. Nilisimama.

"Hii si ripoti yangu," nikasema.

Bosi akacheka kidogo. "Tutaongea ofisini. Si hapa."

"Jina langu liko hapa, kwa hivyo tutaongea hapa. Mimi nilifika visanduku vyote ishirini. Nani ameandika kwamba sikufika?"

Kijana wa nyama alisimamisha kisu. Wenzangu wa ofisi walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja akitafuta kitu kwenye kachumbari.

"Dada," bosi akasema kwa ule upole wake, "fikiria hawa watu wanaojitolea. Ukiwaambia kazi yao ni mbovu watavunjika moyo. Hawatachora tena."

Hapo ndipo sauti ilinitoka kuliko nilivyokusudia, hata meza za jirani zikageuka. "Usiwasingizie watu wa kujitolea! Aliyechora aliuliza. Aliandika hana uhakika, akaomba tu mtu aende aangalie. Nilipomwambia ukweli hakuvunjika moyo, alirekebisha siku hiyo hiyo. Aliyefunga macho ni ofisi. Kuna mwanamke kule juu alibebwa kwenye blanketi kwa sababu sisi tulitaka kumaliza!"

Niliifunga ile ripoti, nikaisukuma mbali nami.

Yule mwakilishi wa mfadhili alipitisha kurasa za ripoti polepole, kisha akaniuliza, "Hicho kisanduku unachokizungumzia kiko ukurasa gani?"

"Hakipo. Ni kimoja cha vile vilivyotolewa."

Akamgeukia bosi. "Kwa nini hakipo?"

Bosi alianza kueleza habari za chanzo rasmi. Sikungoja kusikia. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikawapita mbuzi waliofungwa kando ya buchari, nikasimama barabarani, nikilia kwa hasira kama mtoto, huku malori yakinipita kuelekea Gilgil. Sikuwa nimekula. Harufu ya nyama ile ilinifuata nguoni hadi nyumbani.

Mkataba wangu haukufanywa upya. Barua ilisema wananishukuru na kunitakia heri. Lakini yule mwakilishi alinitafuta, akaomba ripoti ya kwanza, ile yenyewe, na picha zote. Nilimtumia siku hiyo. Miezi ikapita kimya. Kisha nikasikia kutoka kwa mama kwamba watu wamekuja Karagita wakihesabu milango badala ya paa, na kwamba wamemwomba yeye awatembeze. Ripoti yenye jalada la ziwa iliondolewa. Hakuna aliyeniambia samahani, wala hakuna aliyeenda mlango wa tatu kumwambia yule msichana samahani. Bosi alihamia kazi nyingine kama ile, kaunti nyingine. Nasikia anasimamia ramani huko pia. Nikilifikiria hilo, mpaka leo, naacha ninachokifanya na kusimama kidogo.

Kuna jambo moja lilibaki. Nilienda kumsalimia mama, akaniambia twende zahanati. Ukutani, juu ya benchi la wagonjwa, ofisi ilikuwa imetundika ramani kubwa ya Karagita, iliyochapishwa kutoka kwa nakala ya zamani, kabla mwalimu hajaufuta ule mstari. Mtandaoni barabara ilikuwa imekwisha kufa zamani, lakini hapa ukutani ilikuwa hai, nyeupe, imenyooka, na chini yake wanawake wenye mimba wamekaa wakingoja zamu.

Nilitaka kuing'oa. Nesi, mwanamume mwenye macho ya uchovu, alisema nisiing'oe kwa sababu hana nyingine, na madereva wanaopita huwa wanaitazama. "Lakini kama iko na makosa, andika," akasema, akanipa kalamu nyekundu ya ofisini.

Nikapanda juu ya benchi. Nilikata ule mstari kwa msalaba mkubwa, nikaandika KORONGO kwa herufi ambazo mtu angezisoma kutoka mlangoni. Nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Halafu nikachora daraja la mbao.

"Umeliweka mbali," mama akasema nyuma yangu.

"Hapana mama, mimi nilipima na simu."

"Simu ndiyo ilimpeleka yule dereva. Daraja iko hapa chini, karibu na mti wa mkaratusi. Mimi nililivuka nikiwa nimebeba mtu. Futa."

Wanawake wa benchini walikuwa wameinuka kutazama. Mmoja akasema ni kweli, daraja liko chini zaidi. Mwingine akasema hata ile ploti ya bluu imesahaulika, na kwamba yeye anakaa hapo. Nikafuta kwa mate na kidole, nikaacha doa jekundu, nikachora tena pale mama alipokuwa ameelekeza kidole chake kisichokunjika. Kisha nikamwuliza yule wa ploti ya bluu milango yake ni mingapi.